Anza na sufuria: namna ya kuandika habari za talaka yako

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, karibu na mahakama. Kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi ambayo kila ikifika Agosti, upepo ukianza kubeba vumbi, inatoa karatasi zenye mistari. Kwa miaka 12 nimechapa karatasi za kila aina: barua za kuomba kazi, mikataba ya fremu, risala za harusi na madai ya talaka. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyolipa ada za wanangu. Mwanamke anaingia na karatasi tatu zilizochanwa kwenye daftari la shule, anakaa, anasema, "Dada, nichapie, ila usisome." Nitachapaje bila kusoma, mama?

Basi nimesoma. Na ya kwangu nimeiandika mara mbili. Mara ya kwanza niliandika kwa ajili ya hakimu. Mara ya pili, miaka sita baadaye, niliandika kwa sababu ile ya kwanza niliipata kwenye droo, nikaisoma, nikagundua kwamba hakuna mtu mle ndani ninayemfahamu. Siku hizi wanawake wachache wanakuja Jumamosi jioni nikishafunga, kila mmoja na kauntabuku yake, tunasomeana. Wengine wanaandika yaliyowapata, wengine wanatunga riwaya. Haya hapa ndiyo ninayowaambia.

Karatasi ya mahakamani iweke pembeni

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mpite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ukifika mahakamani, hakimu anatakiwa kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Sheria yenyewe inataja mambo yanayoweza kuwa ushahidi: uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzio kwa makusudi si chini ya miaka mitatu, na mengine.

Sasa angalia hiyo inatufundisha kuandika vipi. Unakaa usiku unapanga dhambi zake kwa tarehe. Wewe mwenyewe huonekani popote ila kama mtu anayetendwa. Kwenye shauri hilo ni sawa kabisa, na ukija dukani kwangu nitakuchapia hivyo hivyo na nafasi ya mistari nitakuwekea vizuri. Lakini msomaji hakuja kuamua nani alipe gharama za kesi. Ukimpa makosa 14 ya mtu mmoja kwa mfululizo, kufika la tano ameshaanza kujiuliza huyu mama yeye alikuwa anafanya nini siku zote hizo. Anakuwa wakili wa mumeo bila wewe kujua.

Kuna kalibu nyingine tunayotoka nayo kanisani, ya ushuhuda. Niliteseka, nikaomba, Bwana akafungua mlango, leo nina duka. Mimi nimelelewa katika shuhuda na sizidharau, ila zina tabia moja: mwisho unajulikana kabla mtu hajashika maiki. Ya tatu ni mipasho. Hiyo ina utamu wake, nayo iimbe shughulini.

Orodha ya mali

Ukikosa pa kuanzia, usianze na siku mliyokutana. Anza na orodha ya vitu. Kila aliyepita mahakamani anaijua, maana mahakama ina mamlaka ya kugawa mali mliyochuma pamoja, na lazima mtu aiandike hiyo mali. Yangu ilikuwa hivi, nainakili kutoka kwenye karatasi halisi: kitanda cha mninga futi tano kwa sita, kabati la vyombo, televisheni, cherehani, kiwanja ambacho hakijapimwa, mbuzi tisa walioko kwa mama mkwe, sufuria sita na mifuniko yake.

Chukua kitu kimoja humo uandike ukurasa mzima juu yake. Usimtaje mwanamume kabla hujafika nusu. Mimi nilichukua sufuria.

Siku ya kugawana vitu, wifi yangu ndiye aliyesimamia jikoni. Aliandika "sufuria sita" na mimi nikatia saini. Nilipofika kwenye chumba nilichopanga Chang'ombe na kufungua viroba, sufuria zilikuwa sita kweli, mifuniko mitano. Lile kubwa, la pilau, mfuniko wake ulibaki. Nililifunika kwa sinia kwa miaka mitatu. Maji yakichemka sinia lilikuwa linapiga kelele kama debe, mwanangu wa mwisho akawa anacheza kwa ule mdundo. Nilipoandika hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza mahakamani: kwa nini wifi achukue mfuniko bila sufuria? Haukuwa na faida yoyote kwake. Alitaka kila nikipika nimkumbuke. Na mimi nilimkumbuka, tena kwa uaminifu kuliko nilivyomkumbuka kaka yake. Ukurasa ule ulinipa sura nzima juu yetu sisi wawili, mimi na wifi, ambaye katika madai yangu hakutajwa hata mara moja.

Kazi nazo ziingize kwenye orodha, wala usidhani nakutania. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kwa hiyo andika: kuteka maji saa 10 alfajiri kabla foleni haijawa ndefu, kuanika mlenda, kumkanda mama mkwe miguu, kukesha na mtoto mwenye pumu msimu wa vumbi. Kila mstari hapo una tukio ndani yake. Na ujue jambo moja kuhusu shauri lile ambalo watu wakilisimulia hulirukia: Bi. Hawa mwenyewe hakupata mgawo zaidi, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe ajenge nyumba, akazitumia vibaya. Aliyewafungulia wenzake mlango alibaki nje. Kama ningekuwa natunga riwaya, ningeanzia hapo hapo, kwenye zile fedha.

Jambo ulilofanya wewe

Hapa ndipo wengi wananikimbia Jumamosi.

Nilipokuwa nafungasha, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa mafuta ya mikono, ambacho kilikuwa cha babu yake mume wangu. Hakikuwa kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyefikiria kukiandika. Ni kama kumwandika babu mwenyewe. Nilikitia kwenye kiroba chini ya nguo za watoto. Nilijua ni cha nani. Nilijua pia kwamba ataumia, na hicho ndicho nilichokitaka. Kwa miaka wateja wangu wamekikalia wakisubiri fotokopi, na hakuna aliyeuliza.

Sikuwahi kukitaja kwa hakimu, kwa mchungaji wala kwa mama yangu. Nilipokiandika, kitabu kilianza kupumua. Mumeo akibaki mkosaji peke yake ukurasa baada ya ukurasa, hakuna kinachotokea, anakosa tu. Ukiingiza kigoda chako, watu wanakuwa wawili chumbani. Sisemi ujilaumu kwa kipigo ulichopigwa. Kipigo ni kipigo, kiandike kilivyo, mkono upi, mlango upi, saa ngapi. Nasema tafuta kile kidogo ulichofanya ukijua, ambacho hakikuhitaji kuombewa radhi na mtu yeyote, ila wewe unakikumbuka.

Mama mmoja wa Nkuhungu alikaa wiki tatu akisema hana. Wiki ya nne alikuja na nusu ukurasa: alikuwa anamwamsha mumewe kwa makusudi kila alfajiri kwa kudondosha kifuniko cha ndoo, mwaka mzima, huku akisema "samahani." Tulicheka mpaka mlinzi wa jengo akagonga. Ndiyo ukurasa bora alioandika mpaka leo.

Kisa kimoja, mara mbili

Nikuonyeshe rasimu yangu yenyewe. Ya kwanza ilisema:

"Mume wangu alibadilika, akawa mkatili na asiyejali. Niliteseka sana kwa miaka mingi, nikaona ndoa imefika mwisho."

Kila neno hapo ni kweli na hakuna unachokiona. Nikakaa nikajiuliza: nilijuaje? Siku gani? Nilikuwa nimesimama wapi? Ikaja hii:

"Tangu tuoane alikuwa anavua viatu nje ya mlango, anavigonga kisigino kwa kisigino mpaka vumbi litoke, mara tatu, ndipo anaingia. Nikiwa jikoni nilikuwa nasikia zile tatu, napakua. Jumanne moja sikusikia kitu. Niligeuka nikamwona kasimama katikati ya sebule na viatu miguuni, juu ya mkeka wa mama yangu, anatafuta rimoti. Nikapakua chakula kama kawaida. Kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na nilimwekea kipande kikubwa."

Angalia kilichoondoka. Neno "ukatili" halipo, "kuteseka" halipo. Kilichoingia ni sauti na idadi. Kile kipande kikubwa cha ugali nilibishana nacho sana. Rafiki mmoja aliniambia nikitoe kwa sababu kinaonyesha nilikuwa mjinga. Nimekiacha. Hakimu alichukua miezi 14 kuamua lile ambalo mkeka ulishaamua Jumanne ile, na mimi bado nilikuwa napakua.

Fanya hivyo kwa sentensi zako tatu kubwa. Kila palipo na neno kama "manyanyaso" au "usaliti", futa neno, uliza siku gani, halafu andika siku hiyo.

Chagua kitenzi chako

Kiswahili kimetupa vitenzi vingi kwa jambo hili na kila kimoja kinampa mtu mwingine usukani. Amemwacha. Ameachwa. Ameachika. Wameachana. Karudi kwao. Ukisema "niliachwa" yupo aliyetenda, hata usipomtaja. Ukisema "niliachika" hakuna aliyetenda. Ni kama kikombe kilichovunjika chenyewe kabatini. Majirani wanakipenda hicho cha pili kwa sababu hakimgusi mwanamume wa watu. "Tuliachana" kinagawa sawa kwa sawa, na mara nyingi kinasema uongo kwa adabu. Nami nilitumia "tuliachana" kurasa 40 kabla sijathubutu kuandika "nilimwacha." Ni silabi chache tu, lakini nililazimika kurudi nyuma kurekebisha sura nne.

Kwa mhusika wa riwaya, mpe mama mkwe kitenzi chake, mpe mke chake, mpe mtoto chake. Wote wanazungumzia siku moja na msomaji ataona nyumba tatu.

Na utaratibu wa dini uandike sawasawa, maana wasomaji wako wanaujua. Dada mmoja kutoka Kondoa aliandika mhusika Mwislamu aliyepewa talaka moja asubuhi, jioni akaolewa na mwingine. Tukamrudisha: eda, ule muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena, iko wapi? Kwa mwanamke anayepata hedhi, asiye mjamzito, ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi. Mjamzito ni mpaka ajifungue. Na katika talaka rejea mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya muda huo. Yule dada aliiona eda kama kikwazo cha hadithi, kumbe ndiyo hadithi yenyewe: miezi ya kusubiri ndani ya nyumba ile ile, kila mlango ukilia unasikiliza. Kwa Mkatoliki mambo ni mengine. Mahakama inaweza kuvunja ndoa, na parokia ikaendelea kumhesabu ni mke wa mtu, labda ndoa itangazwe kuwa batili kikanisa. Mhusika wa namna hiyo ana vyeti viwili vinavyobishana. Mwache abebe vyote kwenye pochi.

Riwaya au maisha yako?

Ukiandika maisha yako, unaweka jina lako nyuma ya kila sentensi. Ukiandika riwaya, unapata uhuru, ila usijidanganye kwamba kubadili jina kunatosha. Dodoma imejaa wageni tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, lakini watu bado wanajuana. Ukiandika "bwana mmoja wa wizarani, kajenga Ilazo, ana Noah nyeusi, mama yake anauza zabibu Hombolo," umeshamtaja. Mtu wa Mpwapwa mhamishie Singida, mpe alizeti. Ila ukimbadilishia kazi, tembea naye siku nzima upya. Nilijaribu kumgeuza dereva wa lori kuwa mwalimu, nikasahau kwamba mwalimu harudi saa 8 usiku ananuka dizeli. Mke wangu wa kwenye riwaya akabaki anashuku bila sababu. Kitu kimoja usikibadili: ile ishara ndogo iliyokufanya uandike. Mimi viatu nimevibakisha, vingine vyote nimehamisha.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kashfa ni kashfa hata kwenye kitabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa anayechapisha habari za uongo mtandaoni akijua ni za uongo. Andika unachoweza kukithibitisha au ulichokiona kwa macho yako. Magonjwa ya mwenzio, hasa majibu ya vipimo vyake, usiyaguse. Kabla hujachapisha kitabu mpelekee wakili kurasa zenye moto. Vituo vya msaada wa kisheria vipo, na wengine hawatozi.

Kwa umbo, soma waliotangulia, maana si lazima uende moja kwa moja kutoka harusi hadi hukumu. Mariama Bâ wa Senegali, ambaye mwenyewe alitalikiana na mumewe, alitoa mwaka 1979 riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii. Ni barua ya mwanamke kwa rafiki yake. Waume wote wawili waliongeza mke. Rafiki aliondoka, mwandishi wa barua alibaki. Ona faida yake: kwa kuwa anamwandikia anayejua, halazimiki kueleza kila kitu, na yule aliyeondoka yumo kwenye kila ukurasa bila kuhutubia. Jaribu. Mwandikie shoga yako mmoja aliyekuwepo, usimwandikie "jamii."

Mambo madogo ya kazi

Andika kwa mkono kwanza kama simu yako inashikwa na watu. Kauntabuku ikae mahali ambapo mtu hatafuti. Mama mmoja anaweka yake ndani ya mfuko wa unga wa dona. Kila wiki piga picha kurasa mpya, mtumie dada yako au jitumie kwenye barua pepe yako. Siongei kwa woga tu. Buchi Emecheta wa Nigeria, akiishi London na watoto wadogo, mumewe alimchomea mswada wake wa kwanza. Alimwacha, akauandika upya kitabu kile, kikatoka mwaka 1976. Wewe una simu yenye kamera.

Muda: mimi ni saa 11 alfajiri, kabla jogoo na majirani hawajaanza. Ukurasa mmoja unatosha. Umeme ukikatika andika kwa tochi ya simu, hicho si kisingizio. Kisha soma kwa sauti. Sentensi inayokufanya ubadili sauti iwe ya kanisani, ifute.

Talaka ambayo haijamaliza mwaka usiichapishe. Iandike, ndiyo, iandike hata leo usiku, lakini ikae. Mwaka wa kwanza unaandika ili asome yeye.

Na watoto. Waandike walivyokuwa wakati ule, usiwape busara za sasa. Wangu wa mwisho hakuuliza "baba yuko wapi," aliuliza nani atamfunga kamba za viatu. Wakishakuwa wakubwa, wasome kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakikuomba utoe kitu kinachowahusu, kitoe. Mimi binti yangu alinitolea kurasa mbili na sikubishana naye.

Kaka yake alisoma mswada hapa hapa dukani, wateja wakiingia na kutoka. Alipofika kwenye sura ya kufungasha alinyamaza kidogo, akainuka, akaangalia alipokuwa amekaa. "Mama, kumbe hiki si chetu?"

Likizo ya Juni alikifunga kwa kanga akapanda nacho basi la Mpwapwa. Baba yake, anavyosema, alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka ndani, hakuuliza chochote. Alimrudisha na kiroba cha karanga. Wateja wangu sasa wanakalia kreti la soda. Ile sura ya kufungasha imebidi niiandike upya, hii ni mara ya nne, na karanga bado sijajua nizitie wapi.